Mbwa wa bonasi: Nani abebe mzigo wa majike yasiyotakikana Kericho na Bomet?

KILA mwaka malipo ya bonasi ya majani chai yanapokaribia, masoko ya Litein, Kapkatet, Sotik na Silibwet huchangamka kupita kiasi. Mabati hununuliwa, madeni ya karo hulipwa na ng'ombe wa gredi hubadilisha wenyewe. Hata katika miaka ambayo wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa hulalamika kwamba wenzao wa Kirinyaga na Murang'a wamelipwa vizuri zaidi kwa kilo, bado huwa kuna senti za ziada mfukoni, na wachuuzi hulijua hilo.

Miongoni mwa bidhaa zinazojitokeza wakati huo kuna moja ambayo ni nadra kuhesabiwa kama bidhaa. Ni katoni iliyotobolewa matundu, imewekwa kando ya kituo cha bodaboda, na ndani yake mna watoto watano au sita wa mbwa waliolaliana. Muuzaji ataapa kwamba baba yao ni German Shepherd halisi, tena wa polisi. Mama yao hatajwi. Mnunuzi atamwinua mmoja baada ya mwingine kwa ngozi ya shingo, atamtazama chini ya mkia, na atakayeonekana kuwa jike atarudishwa katonini.

Jioni inapofika, katoni hiyo huwa imebaki na wawili au watatu, wote majike. Makala haya yanawahusu hao.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mjadala kuhusu mbwa umekuwa ukienda kwa mkondo unaoeleweka kwa urahisi. Upande mmoja wapo wanaozalisha mbwa nyumbani na kuwauza. Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kuzalisha mbwa mwingine ilhali maelfu wanangoja wenyewe katika makao ya kuhifadhia wanyama ni kosa la kimaadili, na kwamba anayetaka mbwa aende huko akachukue. Uingereza ilipitisha kanuni, zilizoanza kutumika Aprili 2020, zinazopiga marufuku maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya umri wa miezi sita, hivyo mnunuzi hulazimika kumwendea mzalishaji mwenyewe au makao ya wanyama. Jimbo la California nchini Marekani liliyazuia maduka yake kuanzia mwaka 2019 kuuza mbwa wasiotoka katika makao hayo.

Mjadala huo ukiletwa Kericho jinsi ulivyo, hautasimama hata dakika moja. Makao yenyewe yako wapi? Yanayojulikana zaidi nchini, ya Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama (KSPCA), yako Karen jijini Nairobi, na kutoka mjini Kericho hadi huko ni safari ya takriban kilomita 260. Chama hicho kina historia inayoanzia mwaka 1910, na mbwa wanaotolewa huko kwa watu wapya huwa wamechanjwa na kufungwa uzazi. Ni huduma njema. Lakini mchumaji chai wa Kapsuser au mkulima wa Mogogosiek mwenye robo tatu ya ekari hatapanda matatu kwenda Karen kutafuta mbwa.

Hivyo basi ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba suala hili ni la watu wenye nafasi, na kwamba sisi tuendelee na mambo yetu. Mwandishi huyu anaona kinyume. Mahali pasipo na makao ya wanyama, kazi ya makao hufanywa na barabara. Gunia linaloachwa usiku kwenye makutano ya Kaplong, mbwa wanaolala chini ya meza za kituo cha kununulia majani chai, na wale wanaozengea machinjio ya kila soko ndio wanaojaza vizimba tusivyokuwa navyo. Tofauti ni kwamba Karen mtu hulipa chakula chao, na huku hulipiwa na mtoto anayeumwa akienda shule.

Hebu tuangalie biashara yenyewe jinsi inavyoendeshwa, kwa sababu wengi huizungumzia kama kwamba ni ya mashamba makubwa ya kuzalishia mbwa. Sivyo. Wapo wafugaji wa mbwa wenye nasaba, wanaosajili wanyama wao na Klabu ya Mbwa ya Afrika Mashariki, wanaochagua dume na jike kwa makini na kuuza mtoto mmoja kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Hao ni wachache na wengi wao wako Nairobi na viungani mwake.

Huku kwenye majani chai, biashara ni ya ua wa nyuma. Mtu mmoja sokoni ana dume kubwa lenye masikio yaliyosimama. Mwenye jike humleta jike wake anapokuwa kwenye joto, na malipo mara nyingi si pesa bali ni haki ya mwenye dume kuchagua mtoto mmoja wa kwanza. Siku 63 hivi baadaye watoto huzaliwa, wanne hadi wanane. Wakitimiza wiki nne, badala ya nane zinazoshauriwa na madaktari wa mifugo, hutiwa katonini. Hawajapata dawa ya minyoo. Hawajachanjwa dhidi ya virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao huwaua watoto wa mbwa kwa siku chache tu. Mnunuzi ambaye mbwa wake anakufa wiki ya pili huambiwa kwamba alimlisha vibaya.

Na hata hiyo ni sehemu iliyo na mpango. Sehemu kubwa zaidi haina mpango wowote. Jike hufunguliwa usiku ili alinde boma, madume sita ya kijiji humfuata, na mwenyewe hugundua kuna mimba wakati tumbo limeshafika chini. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka mmoja, na kwa kawaida huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka. Isitoshe, mzunguko huo wa usiku hueneza uvimbe wa saratani wa sehemu za siri, ugonjwa unaohama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana. Yeyote aliyewahi kumwona mbwa akivuja damu sokoni huku watoto wakimrushia mawe ameuona ugonjwa huo, hata kama hakujua jina lake.

Mwandishi wa makala haya hana mikono safi. Miaka michache iliyopita jike ninayemfuga alizaa watoto saba. Sikuwa nimepanga, lakini pia sikuwa nimezuia, na nikiwa mkweli nitakiri kwamba nilifurahi, kwa kuwa majirani walikuwa wameshaanza kuulizia. Madume wanne walichukuliwa ndani ya wiki moja. Majike watatu walibaki, wakaendelea kula, wakaendelea kukua. Mwishowe nilimpa kijana mmoja mwenye pikipiki pesa kidogo awapeleke kwa watu wanaowahitaji. Sikumuuliza ni watu gani. Nadhani sikuuliza kwa sababu nilijua hakuna watu kama hao.

Kwa nini jike halitakikani? Jibu ni lile lile linalozaa tatizo: jike huzaa. Mkulima anayemkataa jike sokoni hafanyi hivyo kwa ukatili. Anakwepa mzigo wa watoto saba kila baada ya miezi sita. Kama angejua kwamba jike aliyefungwa uzazi hulinda boma sawasawa na dume, na hazururi kutafuta wenzake, labda mkono wake haungemrudisha katonini. Lakini kufunga uzazi kwa mbwa jike ni upasuaji wa tumbo, unahitaji dawa ya usingizi na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na gharama yake humshinda mtu anayelipwa kwa kilo za majani mabichi. Kumhasi dume ni rahisi zaidi, ila wanaume wengi wa huku humwonea dume huruma wasiyomwonea jike. Hilo ni jambo la ajabu ambalo nimelishuhudia mara nyingi bila kulielewa.

Kuna uchunguzi mmoja wa Kenya unaosaidia kupima ukubwa wa jambo hili, ingawa haukufanywa huku. Mwaka 2001 wataalamu walichapisha matokeo ya kuchunguza mbwa wa iliyokuwa wilaya ya Machakos. Waligundua kwamba idadi ya mbwa ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 9 kila mwaka, na kwamba mbwa dume aliyezaliwa angetarajiwa kuishi miaka 3.5 huku jike akitarajiwa kuishi miaka 2.4 pekee. Mbwa anayetunzwa vyema huishi zaidi ya miaka kumi. Takwimu hizo zinaeleza mtambo unaozalisha kwa kasi na kuua kwa kasi, na unaoua majike kwanza.

Hapa ndipo suala la huruma kwa wanyama linapogeuka kuwa suala la uhai wa binadamu.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi. Mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alinakiliwa mwaka 1928. Zaidi ya karne moja baadaye, mkakati wa kitaifa wa kuangamiza ugonjwa huo, ulioanza mwaka 2014 na unaokusudiwa kukamilika 2030, unakadiria kwamba hadi Wakenya 2,000 hufa kila mwaka kutokana nao. Duniani kote makadirio ni watu wapatao 59,000, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, mgonjwa hufa, hakuna tiba. Kabla ya dalili, tiba ipo na inafaulu: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa apate chanjo hospitalini kwa awamu zote bila kukosa hata moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wengi wanaifahamu asilimia hiyo. Wachache hutafakari jinsi inavyoyeyuka.

Tuseme kijiji kimoja kina mbwa 100, na mwezi Januari maafisa wa mifugo wamechanja 70. Katika mwaka huo mbwa 30 wanakufa kwa ajali za barabarani, sumu, njaa na maradhi. Tukigawa vifo hivyo kwa uwiano, 21 kati yao walikuwa wamechanjwa. Wakati huo huo wanazaliwa na kubaki hai mbwa wapya 39, hivyo idadi inapanda hadi 109, sawa na ongezeko lile la Machakos. Mbwa waliochanjwa sasa ni 49. Kutoka asilimia 70, kijiji kimeshuka hadi takriban asilimia 45 kwa mwaka mmoja, bila afisa yeyote kuzembea, bila chanjo yoyote kuharibika. Kila jike aliyeachwa azae ovyo alisaidia kuivua nguo kinga ya kijiji kizima.

Basi, mtu anapouliza ikiwa ni haki kumpandisha mbwa wake ili apate pesa za matumizi, jibu haliwezi kutoka katika ua wake pekee. Watoto saba anaowauza leo wataishi katika maboma saba, na iwapo hawatachanjwa, hatari yao itagawanywa kwa watu ambao hawakupata hata shilingi moja ya mauzo hayo.

Njia iliyozoeleka ya kushughulikia wingi wa mbwa ilikuwa kuwaua. Tangu enzi za ukoloni na kwa miaka mingi baada ya uhuru, mabaraza ya miji yalitega nyama yenye sumu ya strychnine au kuwatuma watu wenye bunduki. Mnyama aliyekula sumu hiyo hufa kwa mitukutiko huku akiwa na fahamu zake. Na baada ya ukatili huo wote, matokeo hayakuwa ya kujivunia. WHO imeeleza mara kadhaa kwamba kuua mbwa kwa wingi hakupunguzi ugonjwa kwa muda mrefu. Mbwa waliobaki hupata chakula zaidi, watoto wao huishi kwa wingi, na wenye maboma waliopoteza mbwa huenda sokoni kutafuta katoni nyingine. Tena risasi na sumu havimchagui asiyechanjwa. Huua yeyote aliye karibu, pamoja na wale 70 ambao serikali iligharimika kuwakinga.

Sheria inasemaje? Inasema mengi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na mwandishi huyu haoni jinsi gunia lililofungwa na kuachwa barabarani linavyoweza kuepuka maneno hayo. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura 365, inawapa maafisa wa mifugo uwezo wa kudhibiti mbwa na kuamuru wachanjwe. Lakini muhimu zaidi ni Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, aya ya sita, linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa na kuweka vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama.

Nimelisoma tena jedwali hilo kuhakikisha. Makao ya mbwa yamo ndani ya Katiba yetu, katika orodha ile ile yenye zahanati, barabara za kaunti na shule za chekechea. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya udhibiti na maslahi ya mbwa mwaka 2015. Wakazi wa Kericho na Bomet wanapoalikwa kutoa maoni kuhusu bajeti wana haki ya kuuliza ni kiasi gani kimetengewa aya ya sita. Ninajua watachekwa. Barabara ni mbovu, dawa haba, na mtu anasimama kuzungumzia mbwa! Hata hivyo, chanjo ambayo mtoto aliyeumwa hukimbilia hospitalini ni ghali mara nyingi zaidi kuliko chanjo ya mbwa aliyemuuma.

Wapo watakaosema mwandishi amesahau mahali anapoandikia. Boma la huku linahitaji mbwa. Wizi wa mifugo katika mpaka wa Sotik na Borabu umewahi kumwaga damu, na hakuna mkulima wa eneo hilo atakayelala bila mbwa eti kwa sababu mtu gazetini ametaja maadili. Majani mabichi huibwa mashambani. Nyani na kima hushuka kutoka msituni wakaharibu mahindi. Mbwa ni mfanyakazi, na mfanyakazi lazima azaliwe na mtu.

Hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Kuzalisha mbwa si dhambi. Mfugaji anayemjua mnunuzi kabla ya kumpandisha jike, anayewalea watoto hadi wiki nane, anayewachanja na kuwa tayari kumpokea tena yule atakayerudishwa, hana deni kwa jamii. Deni ni la yule anayemwachia usiku kazi ya kumpandishia na soko kazi ya kumlelea.

Aidha, haja ya mbwa haithibitishi haja ya watoto wapya wa mbwa. Boma linalohitaji mlinzi linaweza kumpata aliyekwisha kuzaliwa. Hapa ndipo wazo la kuasili mbwa linapopata maana ya kwetu. Si lazima kwenda Karen. Yule jike wa mwaka mmoja anayelala kwenye kituo cha kununulia majani, ambaye kila mtu anamjua na hajawahi kumwuma yeyote, ana sifa ambayo hakuna mtoto wa katonini anayeweza kuionyesha: tabia yake inaonekana tayari. Ameshapita umri wa kuuawa na parvo. Amezoea baridi ya Kericho na ugali usio na kitoweo. Kinachohitajika ni kumchanja, kumtibu minyoo, kumfunga uzazi na kumpa jina.

Mnunuzi wa German Shepherd wa katoni, kwa upande mwingine, hununua hadithi. Aina hiyo ya mbwa inajulikana duniani kwa ulemavu wa nyonga unaorithiwa, na mfugaji makini huchunguza wazazi kabla ya kuwapandisha. Dume moja la sokoni likipandishwa kwa majike ya tarafa nzima, kisha kwa mabinti zake mwenyewe bila mtu kuweka kumbukumbu, kasoro hizo hujikusanya. Masikio yatasimama, ndiyo. Miguu ya nyuma ni habari nyingine.

Upo ugumu wa kweli katika kuasili ambao watetezi wa wanyama hupenda kuupita haraka. Mbwa asiyejulikana alikotoka anaweza kuwa tayari ameumwa na mwenye kichaa, na ugonjwa huo hukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, kabla ya kujitokeza. Mbwa wa namna hiyo hafai kuchukuliwa na mtoto njiani na kuletwa nyumbani. Ndiyo sababu mbwa huyo anahitaji kupita mahali fulani kwanza, achunguzwe, achanjwe, akae chini ya uangalizi. Mahali hapo panaitwa makao, na hivyo tunarejea kwenye aya ya sita.

Kuna kundi jingine la mbwa ambalo halizungumziwi sana, nao ni wale wa kambi za mashamba makubwa ya chai. Mashine za kuchuma majani, ambazo zimeenea tangu katikati ya miaka ya 2000, zimewaondoa wachumaji wengi kazini, na hasira yake ilionekana Mei 2023 mashine kadhaa zilipoteketezwa Kericho. Mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe: yale ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yamenunuliwa na kampuni ya Browns kutoka Sri Lanka. Familia inayoondoka kambini hupakia magodoro, sufuria na kuku kwenye lori. Mbwa mara nyingi hubaki. Sisemi hayo ndiyo maafa makubwa ya watu waliopoteza riziki. Nasema tu kwamba mbwa hao hawatoweki pamoja na lori. Husogea hadi kijiji kinachofuata, na huko huzaa.

Wengine husogea mbali zaidi. Bomet inapakana na Narok, na mbwa hawajui mipaka ya kaunti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliwaua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti na kuenea hadi Maasai Mara. Wanasayansi waliwataja mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi hiyo kuwa chanzo kinachoelekea zaidi kuwa cha virusi hivyo. Taifa linalotegemea simba kuleta watalii lina kila sababu ya kujali kama jike wa Chebunyo amechanjwa.

Wapo waliofaulu. Bhutan, nchi ndogo ya milimani barani Asia, ilitangaza mwaka 2023 kwamba imewafunga uzazi na kuwachanja mbwa wake wote wanaozurura, zaidi ya 150,000, baada ya kazi ya zaidi ya mwongo mmoja. Haikuwa tajiri kutushinda sana. Uturuki ilichagua njia tofauti: sheria ya mwaka 2024 iliziamuru manispaa kuwakusanya mbwa wa mitaani na kuwaingiza katika makao, na waandamanaji walijaa barabarani wakihofia kwamba makao yakijaa, mbwa watauawa. Makao bila kufunga uzazi ni ndoo iliyotoboka, na hata sisi tukijenga kituo kizuri mjini Bomet kesho, kitajaa kabla ya bonasi inayofuata iwapo katoni zitaendelea kushuka sokoni.

Kwa maoni yangu, huku kwetu kuna jambo ambalo Bhutan haikuwa nalo. Kila mkulima mdogo wa chai ana nambari katika kituo chake cha kununulia majani, na hupeleka majani huko mara kadhaa kwa mwezi. Vituo hivyo viko kila kona, kutoka viwanda vya Momul na Tegat hadi Kapkoros na Tirgaga. Ni vigumu kupata mtandao mwingine unaowafikia watu wengi hivyo kwa miguu. Daktari wa mifugo akija kituoni asubuhi moja ya siku ya kupima majani, akiwa na chanjo na vifaa vya kuhasi, na gharama ikakatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya mwezi kama inavyokatwa ya mbolea, mkulima hatahitaji kutoa fungu la pesa kwa mkupuo. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huangukia majuma machache tu kutoka wakati wa bonasi. Wakurugenzi wa viwanda, ambao huchaguliwa na wakulima wenyewe, wanaweza kulizungumzia hili bila kungoja Nairobi.

Jike wangu yule bado yupo. Ameota mvi mdomoni sasa. Juma lililopita jirani yangu mmoja, mzee mwenye dume kubwa la rangi ya kahawia, alisimama langoni akamtazama kwa muda.

"Mwalimu, huyu wako yuko tayari. Nimlete lini wangu?"

Nilimwambia kwamba sitampandisha tena. Nilikuwa nimezungumza na daktari, naye ameniambia nimfungie ndani kwa majuma matatu hadi joto lipite, kisha tusubiri miezi miwili ndipo amfanyie upasuaji. Mzee aliuliza ni pesa ngapi. Nilipomtajia, alicheka sana, akasema kwa pesa hizo yeye angenunua mbuzi. Akaaga, akaondoka na dume lake, nami nikaenda kuangalia iwapo mlango wa banda umefungwa sawasawa.